Mgeni wa Kazi Halishwi

Gari la Mwalimu ulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa la rangi ya maziwa, isipokuwa mlango mmoja wa nyuma uliokuwa wa kijani, na kila likikata kona kuingia mtaa wetu huku Grand Prairie, Texas, kulikuwa na kitu kinagongagonga ndani ya buti, kama mtu kafungiwa humo anaomba atolewe. Mke wangu akisikia mlio huo alikuwa anasema, “Mwalimu huyo,” nami nazima televisheni na kukaa wima kwenye kochi, mtu mzima mwenye kitambi, kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu wa zamu.

Kilichokuwa kinagonga ni ndoo ya rangi iliyojaa vyombo vyake: futi kamba, timazi, mzani wa jikoni, kamba za katani, na mpira mrefu mweupe unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi wetu nyumbani huujaza maji ili wajue kama msingi umelala sawa. Wanawake wengine wa umri wake walibeba kwenye buti viti vya kukunja na friji ndogo la soda. Yeye alibeba timazi.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, mimi sijui, na sikuwahi kupata nafasi ya kuuliza, maana kwenye mazungumzo na Mwalimu, maswali yalikuwa mali yake. Ninachojua ni kwamba siku za wiki alifundisha hesabu kwenye shule moja ya huku, ambako watoto walicheka lafudhi yake hadi siku ya mtihani. Jumamosi alikuwa wetu. Alikuwa ameazima ukumbi wa kanisa, na humo aliwakusanya watoto wa Watanzania, Wakenya na Wakongo, Waislamu kwa Wakristo, waliokuwa wanamaliza sekondari. Sisi wazazi tuliwaleta mbio tukidhani ni tuisheni. Haikuwa tuisheni. Mwalimu alitaka watoto wakaone kwa macho yao kazi zinazotumia hesabu na sayansi, kabla hawajachagua waende kusomea nini.

“Unataka kuwa nani?” alikuwa anamuuliza mtoto siku ya kwanza.

“Doctor,” mtoto anajibu, macho yakiwa kwa mama yake aliyekaa nyuma na mkoba mapajani.

“Vizuri. Daktari anafanya nini saa nne asubuhi?”

“He helps people.”

“Nimeuliza saa nne asubuhi. Yuko wapi? Kashika nini? Anahesabu nini?”

Hapo mtoto anamtazama mama, mama anatazama mkoba. Kwenye ukumbi ule tulikuwa na madaktari watarajiwa wa kutosha kutibu Texas nzima na jirani zake, na hakuna hata mmoja aliyejua daktari anashika nini saa nne asubuhi.

Kwa hiyo akaweka utaratibu. Kila Jumamosi kikundi cha watoto kitaenda kazini kwa mtu mmoja wa jamii yetu. Jumamosi inayofuata, watoto wasimame mbele ya wazazi waeleze walichokiona, na waeleze kwa Kiswahili. Hapo palikuwa pagumu. Watoto wetu unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, mchezo wa mpira ambao kila timu inacheza kwenye uwanja wake. Lakini Mwalimu alikuwa mkali. “Ukishindwa kumweleza Mama Furaha,” alisema, “basi hukuona, ulitazama.”

Mama Furaha alikuwa mama wa Kikongo, mkubwa wa mwili na wa cheko, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate kule Carrollton. Alikaa mstari wa mbele kila Jumamosi kama hakimu. Mtoto akichomekea Kiingereza, Mama Furaha alikuwa anatikisa kichwa polepole na kusema, “Mi sisikie kitu,” hata kama alikuwa amesikia vizuri sana.

Sasa niseme kilichonihusu mimi, maana sikuwa naenda ukumbini kwa kupenda sayansi. Mimi ni mtu wa kochi. Nina elimu ya kidato cha nne, na hesabu kwenye cheti changu iliandikiwa herufi ambayo sitaitaja. Nikitoka kazini ghalani narudi nyumbani, nikirudi nyumbani sitoki. Watu waliokuja na mimi wameshaona milima na maporomoko ya nchi hii; mimi nimeiona sebule yangu, na nimeridhika nayo. Tuna mtoto mmoja, Rehema, na mpango wa mke wangu na wangu ulikuwa mzuri kwa unyoofu wake: Rehema atasomea uuguzi kwenye chuo cha hapa hapa, atalala chumbani kwake, atakula mezani kwetu. Hatari pekee ya mpango huo ilikuwa inakuja kila Jumamosi ikigongagonga kwenye buti.

Lakini kwanza niwaeleze jinsi utaratibu wa Mwalimu ulivyovurugika, kwa kosa ambalo nadhani ni sisi tu duniani tungeweza kulifanya.

Watoto walianzia kwa Mama Furaha, kiwandani. Mwalimu alishawaandaa: mtazame unga unavyopimwa, joto la tanuri, muda wa hamira. Jumamosi iliyofuata akasimama Furaha mwenyewe, akasema kwa Kiswahili kizuri, “Kwenye kiwanda cha mikate tulikula sombe ya majani ya muhogo, ndizi na samaki.”

“Na mikate?” Mwalimu akauliza.

“Mikate hatukuiona. Mama alisema tutachafuka.”

Mwalimu akageuka mstari wa mbele. Mama Furaha hakutikisika hata kidogo. “Mwalimu, bageni batoke kwangu na njala? Hapana! Batoto bakule kwanza. Mukate eko pale siku yote.”

Wiki iliyofuata walikwenda kwa Mtanzania mmoja mhandisi, mtu wa ofisi yenye zulia. Aliwapa soda, biskuti na korosho, akawaonyesha picha zake za mahafali, akawaombea dua na kuwasindikiza hadi garini. Watoto waliripoti kwamba mhandisi ni mtu mwenye korosho. Kwa mfamasia wa Kikenya walikula chapati na dengu ndani ya stoo, wamezipa mgongo dawa zote. Kila walikokwenda walipokelewa, wakakalishwa, wakalishwa, na kazi ikafichwa kama nguo chafu mgeni anapopiga hodi. Tungefanyaje? Mgeni haonyeshwi jasho. Mgeni anaonyeshwa sahani.

Kisha ikafika zamu yangu.

Kwenye shughuli zetu, watu wakiniuliza ninafanya kazi gani, nilikuwa nasema niko kwenye vifaa vya majengo. Ukweli nilikuwa napakia vyoo. Ghala letu lilikuwa la vyoo na mabeseni ya kunawia, safu kwa safu hadi darini. Msimamizi alikubali watoto waje, nami usiku wake nikapiga pasi suti yangu ya harusi. Mke wangu akapika pilau ya nguvu, hotpoti mbili, na kachumbari kwenye beseni. Watoto walipofika niliwapitisha haraka, “Njia hii, wanangu, njia hii,” hadi kwenye chumba cha mapumziko, nilikokuwa nimetandika kitambaa mezani.

Mwalimu aliitazama meza. Kisha akaitazama tai yangu.

“Baba Rehema, kuna posa?”

“Karibu tu, Mwalimu. Watoto wapate kitu kidogo kwanza.”

“Na kazi iko wapi?”

“Kazi ipo, haikimbii.”

“Pilau nayo haina miguu.” Akafunika hotpoti kwa mkono wake mwenyewe, akawageukia watoto. “Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna siku tatu, tuna Jumamosi. Jembe mtapewa mlangoni. Kuanzia leo, mgeni wa kazi halishwi. Inukeni.”

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, moja ya zile za huku zinazomwagwa kwa pipa, na kwenye mlango wa kupakilia maji yalikuwa yamesimama hadi kwenye vifundo vya miguu, kama kawaida yake. Tulikuwa tunaruka tu. Rehema akasimama ukingoni.

“Baba, kwa nini maji yanakuja huku mlangoni na bomba la kutolea liko kule?”

“Ndivyo yalivyo, mwanangu.”

“Mmesikia?” Mwalimu akasema. “Baba yake Rehema ametupa jibu la kidato cha nne. Sasa tutafute la kidato cha tano.” Akaenda kwenye buti.

Ndoo ikatoka, mpira ukatoka, ukajazwa maji bombani. Rehema akapewa ncha moja asimame mlangoni. Ncha ya pili nikapewa mimi, kule kwenye bomba la kutolea, na suti. Mwalimu akaeleza kwamba maji ndani ya mpira hayadanganyiki. Hata sakafu iende upande gani, yenyewe yatasimama usawa mmoja ncha zote mbili, kwa hiyo tukipima kutoka kwenye maji hadi chini, kila upande, sakafu itakiri yenyewe.

“Kadirieni kwanza,” akasema. Hilo lilikuwa neno lake kuu: kadiria kwanza, ndipo upime. “Mimi nasema sakafu imelalia mlangoni kwa unene wa kidole.”

Wakapima. Haikuwa kidole. Ilikuwa kiganja kizima na zaidi.

“Mwalimu, you’re way off!” Rehema akapiga kelele.

“Kwa Kiswahili.”

“Umekosea, Mwalimu. Sana.”

“Vizuri,” Mwalimu akasema, uso umechangamka kama wa mtu aliyesifiwa. “Kiasi gani?”

Maji ya mpira yalinimwagikia kwenye mkono wa suti hadi kwapani. Nilimwona mwanangu amepiga magoti kwenye tope, kashika futi kamba, anacheka, na moyo wangu ukafanya kitu ambacho moyo wa mtu wa kochi haupendi kufanya. Nilijua palepale kwamba uuguzi wa hapa hapa umeingia maji pamoja na suti.

Ile pilau, mnauliza? Mwisho wa siku Mwalimu alitoa mkobani kopo tupu la majarini, akajichotea, akabana kifuniko kwa goti. “Mimi si mgeni,” akaniambia. “Mimi ni mwalimu.”

Maana msije mkadhani nawaandikia habari za mtu aliyenyooka kama timazi yake. Mwalimu aliyewaambia watoto wakadirie kwanza hakuwahi kukadiria kitu kikawa sawa. Akipiga simu kusema “nusu saa nimefika,” mke wangu alikuwa anaanza kuloweka maharage. Alikaa Cedar Hill, na hata kwenda mbali kama Carrollton hakupita barabara kuu hata siku moja. Alipita mitaani, taa baada ya taa, kupitia nyuma ya maduka na mbele ya makaburi, akipotea na kujipata. “Barabara kuu,” alisema, “haina mahali pa kufikiria.” Aliwafundisha watoto wa watu kusoma ramani, na mimi nilimkuta mara moja amesimama kwenye kituo cha mafuta mtaa wa pili kutoka kwangu, anamuuliza mwenye duka kama hapa bado ni Grand Prairie. Inchi alizichukia kama deni. Alisema ni vipimo vya cherehani. Na siku aliyoamua kuwapikia watoto mwenyewe, akapiga hesabu ya mchele ubaoni mbele yetu, gramu kwa kichwa, tulikula kijiko kimoja kimoja na kurudi makwetu kula tena.

“Umekosea, Mwalimu,” Mama Furaha alimwambia siku hiyo, amebeba sahani tupu.

“Vizuri. Kiasi gani?”

“Kwa sufuria muzima!”

Alikuwa na msemo mwingine: kosa ni anwani. Alimaanisha ukijua umekosea wapi, umejua uko wapi, na unaweza kutoka. Mimi nilikuwa namjibu kwamba kwa makosa yake ya barabarani angeshakuwa na anwani Dallas nzima. Alicheka kwa kufumba macho, mabega yakipanda na kushuka, bila sauti.

Mwaka wa mwisho wa sekondari Rehema akaweka uma mezani akasema, “Nita-apply Houston. Nataka kusomea uhandisi wa maji.” Mama yake akauliza maji yana uhandisi gani zaidi ya kufungua bomba. Mimi nilienda kwenye kochi. Houston kutoka kwetu ni mwendo wa kama saa nne, na kwa mtu kama mimi saa nne ni ng’ambo ya bahari.

Jumamosi hiyo buti likagonga. Mwalimu akaingia, akakataa chai, jambo lililonitisha.

“Mwalimu,” nikamwahi, “huyu ni mtoto wetu mmoja.”

“Najua kuhesabu mpaka moja, Baba Rehema.”

“Chuo kipo hapa. Uuguzi ni kazi ya heshima. Mama yake anafanya kazi hospitali, atamshika mkono.”

“Ni ya heshima. Rehema anaitaka?”

Mke wangu akarekebisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimepinda.

“Kule atakula nini?” mke wangu akasema hatimaye. “Nani atamfulia? Huku hajawahi hata kuchemsha yai.”

“Ndicho nilichokuja kusema,” Mwalimu akajibu, na sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa ile ya ukumbini. “Mama Rehema, na wewe shemeji, msinielewe vibaya. Mnampenda. Lakini tangu azaliwe mmemweka mtoto kama mgeni. Sahani imefika, maji yamefika, nguo zimepigwa pasi. Siku ya jembe ni lini?”

Rehema alikuwa mlangoni pa jikoni. Sikumtazama. Nilitazama televisheni, na ilikuwa imezimwa.

Nilitaka kusema maneno makali. Nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyaandaa kazini wiki nzima katikati ya vyoo. Yaliyotoka yalikuwa mengine. “Aende basi,” nikasema. “Ila kwa utaratibu wako mwenyewe. Kila Jumapili apige simu atueleze alichokiona. Kwa Kiswahili. Asipoweza kunieleza mimi, arudi.”

Nilidhani nimeweka mtego. Mwalimu akaomba ile chai.

Mtego ulikaribia kunasa. Muhula wa kwanza, Rehema alipiga simu analia. Hesabu za pale zilikuwa si hesabu anazozijua, amefeli mtihani, anataka kurudi nyumbani. Nilichukua funguo za gari kabla hajamaliza kusema, mimi nisiyetoka, niko tayari kwenda Houston na ndala. Mke wangu alisimama mlangoni. “Mpigie Mwalimu kwanza,” akasema. Nikampigia kwa hasira, nikitaka asikie kazi yake. Hakunijibu mimi, alimpigia Rehema, na Rehema alinisimulia baadaye. Hakumwambia jikaze, hakumwambia pole. Alimwambia, “Lete karatasi. Swali la kwanza, umekosea vizuri wapi? Nisomee.” Walikaa kwenye simu hadi betri ya mtoto ikaisha, wakaendelea kesho yake. Nikazirudisha funguo kwenye msumari wake. Jumapili iliyofuata Rehema alinieleza, kwa Kiswahili, jinsi maji yanavyopungua kasi kwenye bomba lenye kutu. Nilielewa nusu. Nikamwambia nimeelewa yote, ili asirudi.

Miaka ikaenda. Darasa la Jumamosi lilipata walimu vijana, na Mwalimu akabaki Cedar Hill na magoti yake, ambayo aliyaita wanafunzi watoro. Gari lile la mlango wa kijani lilikufa. Kwa hiyo Rehema alipotuita twende tuone kazi yake Houston, mfereji mpya wa kupokea mafuriko upande wa kusini wa jiji, nilimpitia Mwalimu mimi, na nikapita barabara kuu. Alifumba macho kutoka kwake hadi tulipoingia Houston. Kila nikimuuliza kama hajambo alijibu, “Nusu saa tu tumefika.”

Kulikuwa na lile joto la Houston linalokuvaa kama shati bichi. Rehema alitufuata getini amevaa buti za mpira na kofia ngumu, tope hadi magotini. Mkubwa wake alikuwa ameruhusu wageni wawili. Nilikuwa nimebeba hotpoti ya mama yake kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka mahari.

“Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mama yako amekupikia—”

“Weka garini, Baba.” Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshamvalisha Mwalimu kofia, anamfunga mkanda kidevuni taratibu, kama anavyofungwa mtoto. Kisha akampa fimbo ndefu yenye vipimo vilivyochorwa. “Shika hapa, Mwalimu. Inyooke. Mguu ukikuuma niambie.”

Mwalimu alisimama kwenye ukingo wa mfereji ule akiwa kashika fimbo kwa mikono yote miwili, na sikuwahi kumwona amenyooka vile. Rehema akaenda mbali, akainama kwenye darubini yake ya kupimia yenye miguu mitatu.

“Kadiria kwanza, Mwalimu!” akaita. “Uliposimama na niliposimama, tofauti kiasi gani?”

Mwalimu akatazama mteremko kwa makini, jicho moja kalifumba. “Goti!” akaita.

Rehema akasoma, akainua kichwa, akaanza kucheka. “Umekosea, Mwalimu!”

Nilimtazama Mwalimu. “Vizuri,” akasema, kwa sauti ambayo Rehema asingeweza kuisikia. Kisha akaisema tena kwa nguvu: “Vizuri! Kiasi gani?”

Mimi bado nilikuwa nimekumbatia hotpoti. Rehema alirudi, akaninyang’anya, akaiweka kivulini, akaniwekea mkononi nyundo na kigingi cha mti.

“Wewe pigilia hapa, Baba. Kisimame wima.”

“Mimi mgeni, mwanangu.”

“Nani kasema?”

Nikapiga magoti kwenye tope na suruali yangu ya safari. Nikapigilia, mara ya kwanza chini, mara ya pili kidoleni, na nilipomaliza nikasogea nyuma kidogo kuitazama kazi yangu. Mwalimu alikuwa bado kashika fimbo yake. Alikitazama kigingi kwa muda, kichwa kakilaza upande, chini ya ile kofia iliyomzidi.

“Baba Rehema, umekosea.”

“Vizuri,” nikasema. “Kiasi gani?”